Kitu cheusi kinachotoka ardhini shambani Awasi: ni lami ya asili au ni nini?

Mama Pacha, Awasi

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba msaada wa mtu anayeijua lami kwa kuishika, si kwa kuisikia.

Shamba letu liko karibu na Awasi, chini kidogo ya barabara ya Kisumu kwenda Kericho. Ni la marehemu baba mkwe, na sisi tumelilima mahindi na mtama tangu 2011. Kona moja haijawahi kutupa mazao ya maana, kila ukipiga jembe unagonga kokoto. Kiangazi hiki ardhi ilipopasuka, kama ilivyo kawaida ya udongo wetu mweusi, nikaona ndani ya ufa mmoja kitu cheusi kinang'aa. Asubuhi ni kigumu, ukikigonga kwa jiwe kinatoa kipande chenye makali kama chupa iliyovunjika. Ikifika saa nane mchana kimelainika, kinavutika kama sukari guru kabla haijamwagwa kwenye vibao. Siafu wamenasa humo, manyoya ya kuku yamenasa, na juzi mtoto wangu wa miaka minne alikanyaga akarudi analia, wayo mzima mweusi. Nimeusugua kwa sabuni ya kipande na jiwe mpaka ngozi ikawa nyekundu. Doa bado liko.

Wiki mbili zilizopita alikuja dalali mmoja kwa pikipiki. Sijui nani alimwambia. Akachukua kipande, akakinusa, akasema hii ni lami ya asili kama ile ya Kanada, kwamba inaweza kugeuzwa mafuta na pia lami ya barabara, na anataka tumkodishie hiyo kona miaka kumi, elfu ishirini za kuanzia. Karatasi ameiacha, atarudi Jumanne. Shemeji yangu anataka tutie sahihi. Mimi nimekataa mpaka nielewe.

Kwa hiyo nauliza. Je, kweli lami hutoka ardhini yenyewe? Na ikitoka, inafanywa nini hadi iwe mafuta ya kusafirishwa, au lami ya kumwagwa barabarani? Kama ni mali ya watoto wangu, sitaki kuitoa kwa bei ya mbuzi watatu.

Kijana wa Kondele

Mama, usitie sahihi! Chemsha mwenyewe kwenye pipa, uwauzie wale wanaoziba mashimo. Lami ni ghali siku hizi, na mashimo hayaishi.

Fundi wa Lami, Njoro

Mama Pacha, salamu kutoka Njoro. Na wewe kijana wa Kondele, nakuomba kwa heshima ufute hilo neno la kuchemsha, na nitaeleza kwa nini.

Nimefanya kazi ya lami miaka 31. Nilianza kama kibarua wa kuchochea kuni chini ya boila, nikamaliza nikiwa msimamizi wa maabara ya barabarani. Mwaka 1987, upande wa Molo, tulipewa mapipa yaliyolala nje msimu mzima wa mvua. Vifuniko vilikuwa vimelegea na maji yameingia. Mwenzangu aliwasha moto, lami ikayeyuka juu, maji yakabaki chini. Joto lilipoyafikia, yakageuka mvuke kwa ghafla, na mvuke unahitaji nafasi zaidi ya mara elfu moja kuliko maji yaliyouzaa. Pipa lilifura kama maziwa yanayochemka, lakini maziwa ya joto la nyuzi mia na zaidi, tena yanayoganda kwenye ngozi na kukataa kutoka. Mkono wangu wa kushoto una alama hadi leo, kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Mwenzangu aliumia zaidi yangu. Kwa hiyo yeyote asiweke kile kitu motoni. Hujui kina maji, hujui kina mafuta ya taa. Vyote viwili vinaua.

Sasa swali lako. Ndiyo, lami hutoka ardhini yenyewe. Kule Trinidad, kisiwa kilicho karibu na Venezuela, kuna ziwa zima la lami mahali paitwapo La Brea, lenye eneo la hekta 40 hivi. Watu hutembea juu yake, na malori huingia kuchota. Wazungu wa meli waliitumia kuziba nyufa za mbao za meli zao tangu 1595. Na barabara ya Pennsylvania kule Washington, Marekani, ilipakwa lami ya ziwa hilo mwaka 1876. Ya kale zaidi ni ile ya Bahari ya Chumvi, ambako vipande vyake huelea juu ya maji na Wamisri wa kale waliitumia kwenye maiti zao. Hata hapa Afrika iko. Nigeria wana ukanda mrefu wenye lami, hasa jimbo la Ondo, na Madagaska wana mchanga wenye lami mahali paitwapo Bemolanga. Kwa hiyo dalali hakutunga neno.

Lakini nikisoma ulivyoandika, mambo matatu yananisimamisha. Umesema kona hiyo ina kokoto. Umesema iko chini ya barabara kuu. Na hukutaja kukiona mahali pengine shambani. Udongo wa uwanda wa Kano, huko kwenu, ni wa mfinyanzi mzito, kokoto haizaliwi humo. Kokoto ililetwa na mtu. Na mtu anayeleta kokoto kando ya barabara ni mkandarasi mwenye kambi.

Mama, zamani kambi ya barabara ikivunjwa, mapipa yaliyoharibika yalikuwa yakifukiwa. Nimeona kwa macho yangu, na nasikitika kwamba nilikuwa kijana nikanyamaza. Mapipa yenyewe ni ya lita 200. Ndani yake kulikuwa na aina tatu za lami, na ni vizuri uzijue maana zitakusaidia kutambua.

Ya kwanza ni lami ngumu ya kawaida, tuliyoiita 80/100. Jina hilo ni la kipimo: unaiweka lami kwenye kikopo katika joto la nyuzi 25, unaiteremshia sindano yenye uzito wa gramu 100 kwa sekunde tano, unasoma imezama kiasi gani. Ikizama milimita 8 hadi 10, hiyo ndiyo 80/100. Ikizama kidogo kuliko hapo ni ngumu zaidi. Nimeiteremsha sindano hiyo maelfu ya mara.

Ya pili ni katibaki, lami iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa ili imwagike bila moto mkubwa. Ile nyembamba kabisa tunaiita MC-30, ndiyo ya kunyunyizia msingi wa barabara kabla ya kumwaga tabaka la juu. Mafuta ya taa yanapaa hewani, lami inabaki.

Ya tatu ni emalsheni, tuseme K1-60. Hapa lami imesagwa ikawa matone madogo yasiyoonekana, yakachanganywa na maji na dawa inayofanana na sabuni ili yasishikane. Asilimia 60 ni lami, nyingine karibu yote ni maji. Ukiimimina ni ya kahawia, rangi ya kakao yenye maziwa. Ikigusa kokoto, inakaa dakika kadhaa, kisha unaona ukingo unaanza kugeuka mweusi, weusi unatembea kuelekea katikati, na maji yanajitenga pembeni. Tunasema imevunjika. Ndipo inaposhika. Sijawahi kuchoka kuitazama. Ubaya wake ni kwamba haipendi kukaa. Pipa lisipoviringishwa kila baada ya siku kadhaa, matone yanazama chini na kushikana. Ikivunjikia ndani ya pipa haifai tena kwa kazi, na mapipa ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa yakifukiwa kwa wingi.

Fanya hivi. Chukua kipande kidogo cha mchana, kile laini, ukinuse kwa mbali. Kikinuka mafuta ya taa, ni katibaki. Kikate kwa kisu cha zamani: ukiona vitone vya maji ndani, ni emalsheni iliyovunjika. Kisha mtu mzima achukue nondo, aichomeke ardhini taratibu hatua moja kutoka kwenye ufa. Ikigonga chuma, umepata jibu. Na uliza wazee wa hapo kama kuna kambi iliyowahi kukaa. Wazee hawasahau kambi, maana ndiko vijana wao walipata mshahara wa kwanza.

Wayo wa mtoto usiusugue tena. Paka mafuta ya kupikia, mengi, uache nusu saa, upanguse kwa kitambaa laini, urudie. Mwisho ndiyo sabuni. Petroli au mafuta ya taa usimpake mtoto kamwe.

Mwalimu wa Kemia, Kakamega

Mzee wa Njoro amesema yaliyo muhimu. Mimi niongeze upande wa kiwandani, kwa kuwa Mama Pacha ameuliza inageuzwaje mafuta, na swali hilo wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka tunapofika kwenye mafuta ghafi.

Kule Kanada, jimbo la Alberta, karibu na mji wa Fort McMurray, lami haimo kwenye madimbwi. Imo ndani ya mchanga. Katika kilo mia za mchanga huo, lami ni kama kilo kumi au kumi na mbili tu. Zinahitajika kama tani mbili za mchanga kupata pipa moja la mafuta. Mtu aliyefungua njia ni Karl Clark, mkemia wa chuo kikuu cha Alberta, miaka ya 1920: alichanganya mchanga huo na maji ya moto na dawa yenye asili ya magadi, lami ikaachia mchanga, ikashikamana na mapovu ya hewa na kupanda juu, mchanga ukabaki chini. Kiwanda kikubwa cha kwanza cha kazi hiyo kilianza 1967.

Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi. Nilichukua mchanga wa mto, lami kidogo niliyopewa na vijana wa barabara, na magadi yale ya kupikia mboga za kienyeji. Kikundi cha kwanza walichanganya lami na mchanga mkavu, wakatia maji ya moto yenye magadi, wakakoroga hadi mikono ikachoka. Lami ilikataa kabisa kuachia. Kikundi cha pili niliwaambia waloweshe mchanga kwanza, ndipo watie lami. Walipomimina maji ya moto, vipande vyeusi vilianza kuteleza kutoka kwenye mchanga, na vilivyobeba mapovu vikapanda. Darasa zima lilisimama kutazama. Siri iko hapo: mchanga wa Alberta una utando mwembamba wa maji kati ya punje na lami. Mahali ambapo utando huo haupo, mbinu ya maji ya moto pekee inashindwa.

Tena sehemu kubwa ya lami hiyo, kama nne kwa tano, iko chini mno hata huwezi kuichimba kwa tingatinga. Hapo hutoboa visima viwili vinavyolala, kimoja juu ya kingine, vikitenganishwa na mita tano hivi. Cha juu kinasukuma mvuke wa zaidi ya nyuzi 200, lami inalainika, inateremka kwa uzito wake hadi cha chini, inavutwa juu. Maji na gesi inayoteketea kutengeneza mvuke huo ni vingi sana, na watu wa huko wanalalamika kuhusu hewa, misitu na mabwawa ya maji machafu. Nasema hili kwa sababu tukizungumzia mali tuzungumzie na gharama zake.

Ukishaipata bado haisafiri. Lami ya Alberta ni nzito kuliko maji na ni nzito kutiririka kama sukari guru ya Mama Pacha ya saa nane mchana. Ziko njia mbili za kuifanya itembee. Njia fupi ni kuizimua kwa mafuta mepesi, kama sehemu saba za lami kwa tatu za mafuta hayo. Mchanganyiko unapita kwenye bomba, na ukifika mafuta mepesi yanaweza kutolewa tena. Njia ndefu ni kuipasua. Molekuli za lami ni minyororo na pete kubwa mno. Ukizipasha hadi karibu nyuzi 500 bila hewa, zinakatika kuwa ndogo, nyingine zinapoteza haidrojeni na kubaki unga na mabonge meusi ya kaboni yanayoitwa koki. Kile kilichokatika kinaongezwa haidrojeni ili salfa itoke, maana lami ya huko ina salfa ya asilimia nne hadi tano. Kinachopatikana mwisho ni mafuta ghafi ya kutengenezwa, mepesi, yanayoweza kwenda kwenye kiwanda chochote cha kusafisha.

Venezuela waliwahi kutumia njia ya tatu, ile ile ya emalsheni ya mzee wa Njoro: lami asilimia 70, maji 30, inapakiwa melini na kuchomwa kwenye mitambo ya umeme.

Kwa hiyo mama, mtu anayekuja kwa pikipiki na karatasi moja hawezi kukugeuzia lami kuwa mafuta. Kazi hiyo ina minara, mvuke, haidrojeni na mabilioni.

Mama Pacha, Awasi

Mzee wangu wa Njoro na Mwalimu, asanteni, Mungu awabariki. Nimesoma mara mbili kwa sauti, shemeji akiwa amekaa hapa. Ana swali: bomba la mafuta linakuja mpaka Kisumu. Kwa nini lami isipitishwe humo badala ya malori yale yanayopanda kutoka Mombasa? Na kwa nini tununue nje kama Turkana kuna mafuta?

Harufu nimenusa. Si mafuta ya taa. Ni ile harufu ya barabara mpya. Nimekata kipande, kuna vitone vya maji ndani, vidogo kama machozi.

Fundi wa Lami, Njoro

Vitone vya maji. Basi nadhani tunajua tunakoelekea, lakini subiri nondo.

Mwambie shemeji swali lake ni zuri. Bomba la kuja Nakuru, Eldoret na Kisumu ni la mafuta meupe: petroli, dizeli, ya ndege. Hayo yanafuatana humo ndani moja nyuma ya jingine. Lami ukiiweka humo bila joto itasimama kabla ya kufika mbali, na bomba litakuwa limekufa. Ndiyo maana inakuja kwa mapipa, au kwa maboza yaliyofunikwa kwa tabaka la kuzuia joto, na ikifika inapashwa tena.

Lami nyingi ya barabarani duniani haichimbwi. Ni mabaki ya chini kabisa ya mafuta ghafi. Unayapasha mafuta ghafi, mepesi yanapaa na kukusanywa, yanayobaki unayapasha tena ndani ya mnara ulionyonywa hewa ili hata yaliyo mazito yapae bila kuungua. Kile kisichokubali kupaa ndiyo lami. Kiwanda chetu cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na tangu hapo tunategemea meli. Na mafuta ya Turkana yana nta nyingi, lami kidogo. Yakipoa yanaganda kwa sababu ya nta, kama ya Uganda, ambayo bomba lake la kilomita 1,443 hadi Tanga limewekewa vifaa vya kulipasha. Kuganda kwa nta na uzito wa lami ni vitu viwili, ingawa kwa macho vyote ni vyeusi na havitembei.

Na ile ya ziwa la Trinidad, kwa kuwa uliuliza inafanywaje iwe ya barabara: inachimbwa kama udongo, inapashwa hadi nyuzi 160 hivi ili maji yapae, inachujwa mizizi na takataka. Inayobaki, zaidi kidogo ya nusu ndiyo lami, nyingine ni udongo laini uliomo ndani yake. Ni ngumu mno ikiwa peke yake, kwa hiyo huchanganywa na lami ya kiwandani. Wanaipenda kwa barabara zenye malori mazito.

Jambo moja ambalo watu hawalijui: kwenye tani moja ya ile wanayomwaga barabarani, lami yenyewe ni kama kilo 50. Kilo 950 ni kokoto na vumbi lake. Hata kama ungekuwa na lami safi tele shambani, bila kokoto nzuri, kavu, yenye pembe, huna barabara. Nimewafukuza madereva wengi wenye kokoto ya mviringo ya mtoni.

Karani wa Mawakili, Nakuru

Nitasema machache kwa Mama Pacha kuhusu hiyo karatasi. Kwanza, shamba likiwa bado kwa jina la marehemu, wewe na shemeji hamna uwezo wa kulikodisha miaka kumi kabla ya mirathi kukamilika mahakamani. Anzeni hapo. Pili, hata ingekuwa mafuta ya kweli, Katiba ya 2010 kwenye Kifungu cha 62 imeweka madini na mafuta chini ya umma. Sheria ya Petroli ya 2019 inagawa pato la serikali: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya mahali. Hakuna dalali katika mgao huo. Bonde la Nyanza liliwahi kuwekwa kwenye kitalu cha kutafuta mafuta, 12B, na pengine ndiyo sababu maneno hayo yanauzika huko kwenu. Kampuni inayotafuta mafuta huja na leseni kutoka wizarani.

Mama Pacha, Awasi

Narudi na majibu.

Jumapili baada ya kanisa, shemeji alichukua nondo ya dirisha lililovunjika. Hatua moja kutoka kwenye ufa, ikaingia kama futi mbili, ikagonga. Mlio ulikuwa wa chuma. Tukachimba polepole kwa sepetu, tukakuta mkanda wa pipa, umeliwa na kutu mpaka unamomonyoka kwa vidole. Pipa limelala kwa ubavu, limepasuka upande wa juu, na kile kitu kimejaa ndani. Pembeni yake jingine. Tumehesabu matano bila kuendelea. Kwenye la tatu rangi haijaisha yote. Nimepangusa kwa majani: herufi K, kisha 1, kisha kistari, halafu kutu. Nilisimama pale nikasoma tena ulichoandika kwenye simu.

Mzee jirani ana miaka 78. Tulipomwita akaangalia shimo, akasema kambi ilikuwa hapa, mahema na mashine ya kusaga kokoto, na baba mkwe wangu alilipwa kodi ya mwaka mmoja. Walipoondoka walimwambia wamemwachia shamba safi. Hilo limeniuma. Alikufa akisema ile kona ina laana kwa sababu hakuna kinachoota.

Dalali alikuja Jumanne. Aliliona pipa, akaniuliza karatasi yake, nikampa kama ilivyokuwa, haina sahihi.

Sasa nina hofu nyingine. Kisima chetu kiko hatua arobaini kutoka hapo, upande wa chini. Je, maji yameharibika? Na mapipa haya niyafanye nini?

Fundi wa Lami, Njoro

Mama, pole. Na umefanya kazi ambayo wengine wangelipwa kuifanya.

Kuhusu kisima: lami yenyewe haiyeyuki kwenye maji, ndiyo maana tunaipaka kwenye mapaa. Inayosafiri ni mafuta ya taa ya katibaki. Umesema hunusi mafuta ya taa, na hiyo ni dalili nzuri, lakini kati ya mapipa usiyoyafikia huenda lipo la MC-30. Chota maji ya kisima asubuhi kabla mtu hajachota, yaache kwenye beseni jeupe, uangalie juani kama kuna utando wenye rangi za upinde. Unuse. Hata kama huoni kitu, yapelekwe yapimwe. Kwa sasa watoto wanywe maji kutoka kwingine.

Msichimbe zaidi. Msilikate pipa lolote kwa gesi ya kuchomelea, hata kama mnunuzi wa vyuma chakavu atawaambia ni tupu. Mvuke wa ndani unalipuka. Shimo lifunikeni kwa mabati na udongo ili mvua za mwezi wa tatu zisiingie, wekeni miiba kuzunguka, mifugo na watoto wasifike. Kisha andika barua kwa ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nakala kwa chifu, ukiambatisha picha ya ile herufi K na ya kisima. Mzee wa miaka 78 aweke jina lake kama shahidi. Andika na mwaka anaoukumbuka, kabla hajausahau au kabla hatujampoteza.

Kuuza haitawezekana. Imekaa ardhini miaka mingi, imechanganyika na udongo, na sindano yangu ingezama humo milimita mbili tatu tu.

Nikipata nafasi baada ya Pasaka nitapanda matatu nije niione mwenyewe, ukiniruhusu. Nina kofia na glavu zangu bado.

Mama Pacha, Awasi

Karibu sana mzee, utakula samaki wa Ahero. Barua nimeiandika, chifu ameipokea leo na kupiga muhuri. Maji tunachota kwa jirani wa juu. Beseni halikuonyesha utando wowote, lakini nimepeleka chupa mbili Kisumu zikapimwe, nitaandika majibu hapa hapa.

Wayo wa mtoto umesafika kwa mafuta ya kupikia, mara tatu kwa siku mbili. Kumebaki alama moja katikati ya vidole viwili vya mwisho, na amenikataza kuigusa.